Kiti Alichokirudisha Baba

Kisugu, Kampala,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa kaka Makokha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote huku Kisugu. U hali gani na baridi ya huko Sofia? Wifi Desislava mgongo wake umepoa, au bado anainua mwenyewe yale mapipa ya kabichi ya kuchachusha? Na watoto, Ivo na Nekesa, masomo yanaendaje? Mwambie Nekesa ile picha aliyopigwa akiwa amejifunga leso niliyomtumia nimeionyesha kanisa zima, mpaka mchungaji akaniomba nikae chini.

Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mvua zimeshika. Kule Namuwongo karibu na reli maji yaliingia nyumba za watu, lakini huku juu tumepata tope tu. Duka langu la vitambaa linakwenda. Baba anakula vizuri ingawa goti linamsumbua. Sukari kwenye chai ameacha mbele yangu. Nikiwa dukani sijui.

Najua utashangaa kupata barua ya kalamu. Kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo, na jambo hili ni refu. Umeniuliza mara nyingi kwa nini Baba hapokei simu zako tangu Agosti. Simu yake haina ubovu wowote. Alikukasirikia, na mimi pia nilikukasirikia, kwa sababu ya huyo Borisov wenu.

Kumbuka ulivyoanza. Kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa unampigia Baba na kumsimulia habari za siasa za huko, na yeye alipenda moja tu, ya huyo Borisov, aliyeanza kama askari wa zimamoto, akafundisha karate, akawa mlinzi wa wakubwa, akapanda hadi kuwa meya wa Sofia na mwisho waziri mkuu. Baba alilinda ghala kule Industrial Area hadi akastaafu, kwa hiyo alimchukua huyo mtu kama ndugu. Alikuwa akiwaambia watu kwenye chai kwamba Ulaya kuna nchi inaongozwa na askari wa mlangoni.

Halafu ukamsimulia sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Ukamwambia watu walipoandamana juu ya bili za umeme, bwana huyo aliacha kazi mwenyewe kabla ya kusukumwa, na mwaka uliofuata akarudi kwenye kiti kilekile. Ukamwambia baadaye mgombea wake wa urais alishindwa, akaacha tena, na miezi michache baadaye akarudi tena. Baba alicheka hadi akakohoa. Akaniambia huyo mtu anajua uongozi kuliko maprofesa.

Wewe umekaa huko tangu ujana, labda umesahau mambo ya Umoja wa Kufikishana, kwa hiyo nakukumbusha. Ni chama chetu Wakenya wa Kisugu na Namuwongo, Waluhya na Wajaluo pamoja, cha kufikishana nyumbani mmoja wetu akifa huku. Baba alikuwa mwenyekiti tangu Mama yu hai. Kile kiti chake cha mbao chenye mikono ndicho alichokuwa akikalia kwenye mkutano, na mwenyekiti akiudhika sana husimama, akakiacha pale katikati, akaenda nyumbani kwa miguu. Jioni hiyo hiyo wazee humfuata na kiti, wananywa chai, anawalaumu kidogo, anakubali. Baba alishafanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili aliyekibeba kiti begani kutoka Namuwongo hadi hapa kwetu juu alikuwa Mzee Obonyo, rafiki yake wa tangu kazi ya ghalani.

Sasa mwezi wa nane vijana walitaka mikutano iwe mara moja kwa mwezi na mengine yazungumzwe kwenye simu. Baba hakutaka. Anasema mtu usiyemwona uso kila Jumapili, siku akifa utambeba kama mzigo. Walibishana sana. Mwisho Baba akasimama, akasema anarudisha kiti chao, akatoka. Mimi nilikuwepo, na nilimwona usoni. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa anakwenda kusubiri chai.

Lakini wale vijana wamezaliwa huku, kaka. Hawajui kwamba mzee akiacha kiti unatakiwa kukataa. Wao walisikia mtu mzima amechoka na anastaafu, wakainuka wakampigia makofi, kwa upendo kabisa, wengine machozi yanawalenga. Na aliyeanza kupiga makofi hakuwa kijana. Alikuwa Mzee Obonyo, ambaye anajua kila kitu.

Jioni Baba aliniambia nichemshe chai ya watu wengi na nitoe vikombe vya wageni. Akakaa dirishani na koti lake. Nilikaanga na mandazi. Giza lilipoingia akaniambia nirudishe vikombe kabatini. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira nisijue nimpe nani, nikakupa wewe, uliyemsimulia kwamba anayeacha kiti hurudishwa.

Wiki iliyofuata ndipo walipokuja. Aliyewaongoza ni Moreen, binti wa Mama Khaemba, yule mhasibu, wamemchagua kuwa mwenyekiti mpya. Hawakuja na kiti. Walileta keki ya bluu iliyoandikwa asante, na picha ya Baba kwenye fremu, na maneno ya Mwenyekiti Mstaafu chini yake. Moreen akamwambia kiti wamekipeleka kikapigwe msasa na vanishi. Baba akakata keki, akawalisha mmoja mmoja kama bwana harusi, akashukuru. Ungefanya nini na watu wanaokutoa kwa wema namna hiyo?

Baada ya hapo akaacha kwenda mikutanoni, na simu zako akawa anaziangalia tu zikilia. Mzee Obonyo alipita hapa Jumapili mbili, Baba akawa amelala mchana kweupe na viatu miguuni.

Mimi kilichokuwa kinaninyima usingizi ni sheria yake mwenyewe. Aliipitisha zamani na hakuna aliyethubutu kuigusa, kwamba mwanachama akikosa mazishi matatu bila ugonjwa, Umoja hautamfikisha nyumbani. Alikosa la kwanza, akasema goti. Alikosa la pili, akasema goti, na siku hiyo hiyo goti lilimpeleka hadi kwa Bisimwa, yule fundi cherehani Mkongo, kunywa uji. Nilimuuliza kama anataka tumzike huku, aliyetufundisha sote kwamba kwetu ni Kimilili, kando ya Mama. Akanijibu nisimhesabie.

Mwezi uliopita Mzee Obonyo akalazwa Mulago. Figo. Nilikuwa nampelekea uji, na kila nikitoka namwambia Baba twende, ananiambia nimsalimie. Siku moja Mzee Obonyo akanishika mkono akaniambia, "Vera, mwambie Masinde nilipiga makofi nikijua. Kile kiti nimekibeba mara mbili kwa huu mlima wenu. Ya tatu, mgongo ulikataa. Na yeye pia amechoka, ila hana mtu wa kumwambia."

Nilifika nyumbani nikamweleza Baba vilevile, sikupunguza neno. Aliniuliza kama uji aliumaliza. Nikamwambia nusu. Akaenda kulala mapema.

Jumanne ya katikati ya mwezi huo, kama ulivyosikia, Mzee Obonyo akatutoka. Mungu amlaze mahali pema. Safari ya kumpeleka kwao Siaya ikapangwa Jumamosi asubuhi, itokee Mulago. Ijumaa Moreen akaja hapa, macho mekundu. Alikuwa hajawahi kuongoza safari. Alitaka kujua mwenyekiti husema nini pale mlangoni kabla mwili haujaondoka, na alitaka nimwombe Baba amsaidie, maana yeye aliogopa kumwomba. Nikamwambia mimi siwezi kumuahidi kitu. Baba alikuwa chumbani na mlango wazi, na redio yake haikuwa imewashwa.

Jumamosi niliamka nikakuta koti lake halipo. Nilimkuta Mulago, amefika kabla ya gari, amesimama nyuma kabisa pamoja na Kasim, yule wa bodaboda jirani wa marehemu. Watu walipomwona wakampisha, kama zamani, njia ikafunguka mpaka mbele. Hakusogea. Ikabidi Moreen amfuate. Akapiga goti kidogo, kama wasichana wa huku wanavyowasalimu wazee, akamwomba aseme yeye.

Baba akamwambia, "Msemaji ni mwenyekiti. Mimi nimekuja kubeba."

Moreen akasema. Alisahau kuwashukuru wakwe wa marehemu, na nilimwona Baba akifungua mdomo, halafu akaufunga. Nakwambia kaka, katika maisha yangu sijaona mzee akifanya kazi ngumu kuliko ile.

Kubeba ni kazi ya wanachama wa kawaida. Mwenyekiti huwa anatangulia mikono mitupu, na Baba ametangulia hivyo tangu tukiwa watoto. Siku hiyo alishika upande wa mbele, kushoto, Kasim kulia. Mama Aoko, mjane wa marehemu, alimsihi amwachie kijana, akatikisa kichwa. Lile goti lilikuwa linacheza ndani ya suruali, nikaona na Kasim ameliona, akapunguza hatua. Walipofika kwenye gari wakateremsha jeneza, Baba akabaki ameweka mkono juu ya ubao. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Ulinirudishia kiti mara mbili, Obonyo. Leo ni zamu yangu."

Nililia, sitakuficha. Wakati wa kifo chenyewe sikulia hivyo.

Akapanda gari akaenda nao hadi Siaya, akarudi Jumatatu amevimba mguu na hataki pole ya mtu. Tangu siku hiyo anakwenda mkutanoni. Anakaa kwenye benchi karibu na mlango, kati ya Kasim na mama mmoja muuza samaki, Akullo, anayesinzia begani kwake. Moreen alitaka kumletea kile kiti nyumbani kiwe chake moja kwa moja. Baba akamwambia kiti si pambo la sebuleni, akikalie, na kama ni kipana kwake aweke mto. Sasa Moreen anakikalia, na ameweka mto. Mikutano imebaki kila Jumapili, lakini saa moja tu, na Baba analalamika kwamba saa moja haitoshi hata kusalimiana.

Kuna jambo moja hukumwambia. Aligundua mwenyewe, alimwomba mtoto wa jirani amtafutie kwenye simu. Kwamba Borisov alitoka tena mwaka wa ishirini na moja, na safari hiyo hajarudi kwenye kiti cha waziri mkuu, ingawa bado anaongoza chama chake. Jana jioni nilikuwa namkanda goti kwa maji ya moto, akaniuliza kama nitakuandikia. Nikasema ndiyo. Akaangalia ile picha yake ya fremu ukutani, maana mwishowe ameikubali.

Akasema, "Muulize Makokha, yule mtu wake amezoea?"

Nikamuuliza amezoea nini. Akaniambia maji yamepoa.

Kwa hiyo mpigie, kaka. Mpigie Jumapili baada ya ibada kama zamani, atapokea, nimemwona akiichaji simu tangu asubuhi. Usimtafutie maneno matamu, na usimsimulie uchaguzi mwingine. Mjibu hilo alilouliza, na kama hujui, mwambie hujui. Halafu mwambie lini utakuja umwone, maana hilo hakuuliza.

Nisalimie sana wifi na watoto. Mama Khaemba anakusalimu, Mama Aoko anashukuru kwa rambirambi zako, na Bisimwa anasema suti uliyomwagiza iko tayari, kama bado kiuno ni kilekile, jambo ambalo mimi nina mashaka nalo. Mungu aliyemfikisha Mzee Obonyo kwao akulinde huko uliko, na akufikishe hapa mlangoni ukiwa mzima na kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ulipomharibia Baba siasa zake,

Vera Masinde