Nyundo ya Baba

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amenisomea barua yako. Hapa Pongwe sote wazima, ila mguu wangu ni uleule.

Unauliza kwa nini kisu chako cha kwanza, ulichokifua kwa chuma cha springi ya gari, kilipasuka ulipokitumbukiza majini. Chuma kile hakitaki maji, hushtuka. Pasha mafuta ya nazi, ukizamishe humo. Ndivyo alivyofanya baba yangu mhunzi, na mimi ndiye niliyemvukutia moto wa vifuu vya nazi tangu usichana wangu.

Macho yake yalipofifia, akawa ananiuliza, "Kimeiva?" Nikiona chuma motoni kina rangi ya papai bivu nasema, "Kimeiva, baba," naye anakitoa.

Siku moja mteja kutoka Horohoro alikisifu mno kisu chake. Baba akacheka. "Huyu binti ndiye macho yangu," akasema. Nilifurahi sana. Nikasogea karibu na nyundo, nikidhani sasa atanikabidhi.

"Haya, funika makaa, ukamsaidie mamako."

Nikafunika makaa. Ningeweza kusema, "Baba, nipe nami nigonge." Sikusema siku ile, wala baadaye, mpaka tukamzika. Huenda angekataa. Huenda alikuwa akisubiri niombe.

Wewe hukusubiri kupewa, na kupasuka kwa kisu kimoja kusikuvunje moyo.

Ukija Idi, usiniletee kanga. Njoo na nyundo yako, niishike.

Bibi yako