Siku ya Nne Mwanza

Mayu,

Mwangaluka, mama yangu. Ni mimi Kabula, kitindamimba wako. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyonipeleka shule nikaijue, ingawa kila uliponisikia nikiizungumza nyumbani ulisema nimekuwa karani.

Hii ni Desemba ya tatu tangu uondoke. Mvua zimeanza vizuri. Wanunuzi binafsi wa pamba sasa wanafika mpaka kwenu Ipililo na malori yao na mizani yao, na lile jengo la chama cha ushirika limebaki na popo. Maduka ya hapa Bariadi yana sabuni za kila rangi. Ungecheka, wewe uliyekuwa unakata mche mmoja wa sabuni kwa uzi ututoshe mwezi mzima. Mamdogo Minza hakurudi Ipililo baada ya msiba. Analala chumba chako. Kitanda chako amekigeuza, miguu sasa inaelekea mlangoni, na mimi sijamuuliza kwa nini.

Lakini hayo siyo yaliyonikalisha hapa.

Mayu, bado unaamka. Kila siku saa tisa, basi la Mwanza likipiga honi pale njia panda, nakusikia nyuma yangu ukijiinua kitandani. Hata nikiwa darasani, chaki mkononi, nasikia khanga ikiburuzwa, nasikia pumzi yako ile fupi ya siku za mwisho. Wanafunzi wangu wameshazoea. Mwalimu akinyamaza, wanasubiri. Mara moja tu niligeuka. Palikuwa na harufu ya samli na moshi, ile ya kichwa chako, kisha ukuta. Tangu siku hiyo sigeuki.

Unamkumbuka Hanneke, yule mwalimu wa kujitolea kutoka Uholanzi. Jina lake lilikushinda ukamwita Hana, na yeye akaitika. Alikuja kufundisha hesabu shuleni kwetu, akapewa nyumba ya mwalimu isiyo na paa zima, ukasema mtoto wa watu halali kwenye mvua, akahamia kwetu. Ulimfundisha kusonga ugali. Alipounguza mkono ulimpaka samli ukamwambia kwa Kisukuma kwamba ugali nao umemjua. Hakuelewa, akasema wabeja, yaani asante, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Desemba ile, shule zilipofungwa, Hana alikuwa amechoka. Hakuwahi kuwa mbali na kwao wakati wa Krismasi. Alitaka kwenda Mwanza siku tatu tu, apige simu kwao kutoka posta, aone ziwa, arudi kula sikukuu na sisi. Akaniomba nimsindikize. Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba, na mganga wa zahanati alikuwa amesema ni moyo, upumzike. Mamdogo alikuwa ameshafika kwa ajili ya sikukuu. Nikakuuliza. Ukasema, "Nenda. Huyu asipotee peke yake. Jumatano mrudi."

Tukaondoka Jumatatu.

Sijawahi kukusimulia Mwanza. Tulifikia nyumba ya wageni ya kanisa. Kila mtu alikuwa na kitanda chake, na shuka nyeupe, na bomba la maji humo humo ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kulala chumbani peke yangu. Jumanne Hana alizungumza na mama yake, akatoka kwenye kile chumba cha simu macho mekundu, anacheka. Tukala sangara wa kukaanga. Tukakaa juu ya mawe tukitazama maji mpaka nikasahau kwamba nina viatu, nikaviacha, ikabidi turudi kuvifuata.

Jioni ile Hana akaanza kupanga begi lake. Mimi nikamwambia, "Tukae siku moja zaidi."

Akasema, "Tulimwahidi Mama Jumatano."

Nikamjibu, Mayu, na maneno haya nayajua kama sala: "Jumatano au Alhamisi, mama hahesabu siku."

Alinitazama. Akasema anaona si vizuri, wewe unaumwa. Nikamwambia una mdogo wako hapo, huna shida, na yeye hawezi kunifundisha mimi kuhusu mama yangu. Akatoa nguo zake kwenye begi moja moja akazirudisha kwenye kiti.

Nilichokitaka ni siku moja tu ya kutokuwa binti wa mtu. Hakuna mwanamume aliyekuwepo, kama shangazi walivyodhani baadaye. Nilitaka kuamka pasipo kuitwa. Basi.

Jumatano tuliamka jua limeshapanda. Mchana wote tulizunguka mjini. Kuelekea jioni tukafika kwenye soko la mitumba, na muuzaji mmoja akanivalisha koti jekundu la watu wa baridi, zito, lina manyoya shingoni. Jasho lilinitiririka. Akanishikia kioo chenye ufa, nikajitazama, nikacheka mpaka watu wakasimama kututazama. Hana pia alicheka. Nilimwuliza muuzaji saa, nikidhani labda tumechelewa chakula. Akasema saa kumi na moja na nusu.

Ulikuwa umeshaanza kwenda.

Alhamisi tulipofika njia panda hatukuambiwa na mtu. Niliona viti vya kanisa vimepangwa nje kwetu. Niliona wanawake wamefunga khanga viunoni. Nikamwona Mamdogo akija, na kabla hajanifikia nilijua kutokana na jinsi alivyokuwa amefungua mikono.

Yeye ndiye aliyenisimulia siku yako ya mwisho. Jumatano saa tisa basi lilipiga honi, ukasema, "Fungueni mlango, watoto wamekuja." Ukataka ukalishwe. Ukataka ufungwe khanga safi, kwa sababu Hana asikukute hivyo. Mkasubiri. Watu wa basi wakapita njiani na mizigo yao mpaka wakaisha. Ukauliza, "Hawamo?" Mamdogo akakuambia huenda wamechelewa, watakuja kesho. Ukasema, "Basi." Ukageukia ukutani. Hukusema neno jingine tena, na jua halikuzama ukiwepo.

Kumbe ulikuwa unahesabu.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo sijalisema. Siku ya maziko, mbele ya wanawake wote, Mamdogo alimnyooshea Hana kidole. Hana alikuwa amebeba ndoo kutoka kisimani, amefunga khanga kama wenzake. Mamdogo akasema, "Huyu ndiye aliyemwondoa mtoto kando ya mama yake. Alitaka kutembea mjini, dada yangu amekufa anatazama mlango." Hana alielewa kila neno. Kisukuma wewe ulikuwa umeshamfundisha. Akanitazama. Alisubiri, Mayu. Sio kwa muda mrefu, ni kama mtu anavyosubiri mwenzake amalize kumeza. Nami nikatazama chini.

Akatua ndoo. Akasema, "Samahani, Mamdogo. Safari ilikuwa yangu."

Na ilikuwa kweli, safari ilikuwa yake. Siku ya nne ilikuwa yangu.

Alichota maji kwenye kikombe akampa Mamdogo kwa mikono miwili, na Mamdogo akayamwaga chini. Kesho yake Hana alihamisha vitu vyake akarudi kwenye nyumba ile ya paa bovu. Siku ya Krismasi niliona moshi wa jiko lake toka mlangoni kwetu. Ni mwendo wa kuvuka uwanja wa mpira. Sikuvuka. Kabla ya Pasaka aliomba uhamisho. Nilimpa mkono wa kwaheri kama mgeni wa serikali, na yeye akanikumbatia. Nikajikaza kama mti.

Kila Krismasi ananitumia kadi. Mbili za kwanza sikuzijibu. Ya mwaka huu imefika wiki iliyopita, na ndani yake ameandika kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka: "Kabula, bado najiuliza. Mimi ndiye niliyekuja na wazo la Mwanza. Ningekataa siku ile ya mwisho kwa nguvu zaidi, Mama angetuona. Naomba unisamehe."

Mimi ndiye nimsamehe. Niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikakaa kwenye ngazi watu wakinipita. Nilidhani unaniamkia mimi peke yangu. Kumbe huko kwao nako, kwenye baridi, kuna mtu anageuka anakuta ukuta.

Jana nilimwambia Mamdogo. Alikuwa anaanika michembe kwenye mkeka, anavipanga vipande vya viazi visigusane. Nilimwambia yote: begi, kiti, koti, na yale maneno kwamba huhesabu siku. Sikuficha hata hilo. Hakuacha kupanga. Nilidhani hakunisikia. Alipomaliza mkeka mzima alikaa chini akasema, "Mimi nilimwaga maji ya yule mtoto."

Nikasema ndiyo.

"Mbele ya watu."

Nikasema ndiyo.

Kivuli cha nyumba kikafika kwenye mkeka, akauvuta juani. Hakuniambia pole, wala hakunitukana. Aliniambia tu, "Na wewe ukaniacha niyamwage." Kisha akaniambia nimwandikie Hana, na niandike kwamba Minza, mdogo wake marehemu, anaomba maji yale yarudi. Nikamwuliza nitaliandikaje hilo lieleweke Uholanzi. Akasema, "Ataelewa. Dada alimfundisha."

Leo Jumapili alisimama kanisani mwisho wa misa, wakati wa matangazo, akawaambia wale wanawake wa siku ile kwamba alimsingizia mgeni. Hakunitaja. Nikasimama mwenyewe nikajitaja. Wengine walinitazama, na mmoja hakunipa mkono pale nje. Ni haki yake.

Sijui kama kesho saa tisa utaamka. Sikuombi uache. Ukitaka kuamka, amka, safari hii nitageuka nikuangalie, hata kama ni ukuta.

Barua ya Hana nimeiandika kabla ya hii yako, ipo kwenye bahasha. Haina maua wala salamu nyingi. Inaanza hivi: "Hanneke, mimi ndiye niliyeomba siku ya nne, na wewe ulikataa." Nakuahidi, Mayu, kesho naipeleka posta kwa mkono wangu. Na akijibu, hata kama ni kwa hasira, nitamjibu siku hiyo hiyo.

Lala salama, mama yangu.

Kabula