Geuza Kipimio, Baba Neema

Baba Neema,

Sikuandikii "mpendwa", maana nitakuwa nimeianza barua kwa uongo, na uongo ndio ulionifanya nishike kalamu. Nakuita Baba Neema kwa sababu hilo bado ni kweli. Na ni Neema huyohuyo aliyeniletea salamu zako Jumapili, tukiwa mezani hapa Fittja tunakula ugali na dagaa. Aliweka simu pembeni akaniambia kwa Kiswidi, kama kawaida yake, "Pappa undrar vilket krut du kör." Baba anauliza unatumia baruti gani.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wewe uliyeiambia klabu nzima kwamba siwezi kutofautisha baruti na baruti, leo umekaa huko kaskazini unamtuma mtoto aje aniulize habari za baruti. Neema aliniangalia kwa mshangao, akanisogezea maji.

Basi nakujibu, na nakujibu hadharani. Barua hii nitaibandika kwenye ubao wa klabu, kule msituni nje ya Tumba. Neema ameshaitafsiri kwa Kiswidi ili wazee waisome wakinywa kahawa yao. Katika kundi letu la simu, lile la Waswahili wote wa Stockholm uliokuwa ukiwachekesha, itafika pia. Uliyoyasema juu yangu hukuyasema chumbani, kwa hiyo sioni kwa nini mimi ninong'one.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi wa Kigoma, wewe wa Uvira, tumekulia kwenye ziwa moja tukaja kukutana kwenye darasa la Kiswidi. Siku uliyonipeleka kwenye uwanja wa shabaha mara ya kwanza nilitaka kurudi nyumbani. Mlio wa bunduki kwangu ulikuwa na maana moja tu, na kwako pia, maana wewe ndiye uliyekimbia vita. Ukaniwekea mkono mgongoni ukasema, "Huku bunduki iko mchezo, mama. Sikiliza vizuri. Hakuna mutu anakimbia." Nikasikiliza, na kweli hakuna aliyekuwa anakimbia. Wazee walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mikeka, mmoja amevaa soksi zilizofumwa na mkewe. Sitakunyang'anya siku ile, ilikuwa nzuri na ni wewe uliyenipa.

Ukanifundisha pia kupakia risasi kwa mkono. Tulikuwa tunakaa kwenye kile chumba kidogo cha klabu, chenye benchi na dirisha la kutazama misonobari, wewe ukibana fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti, kwenye makalio ya maganda ya risasi, mimi nikipima baruti. Kipimio chetu kilikuwa kile cha mrija mrefu wa plastiki: unajaza baruti juu, unavuta mkono wake, kinamwaga kiasi chini. Mrija ulikuwa umegeuka rangi ya chai kwa uzee, huwezi kuona kilichomo kwa kutazama ubavuni. Ndiyo maana tulijiwekea desturi. Anayemaliza anakigeuza juu chini, anakigonga mara kadhaa, anamwonyesha mwenzake. Wewe ulikuwa unasema, "Iko vide." Kitupu. Nami naitikia, "Nimeona." Wazee wa Kiswidi waliyajua maneno yale wakawa wanatuigiza, na mzee Lennart, mwenyekiti wetu, alikuwa akisema "iko vide" hata akimaliza kikombe cha kahawa.

Ugomvi wetu wa kwanza wa kweli ulikuwa juu ya baruti. Wewe ulipenda risasi nyepesi na baruti ya haraka, kishindo, mwendo, shabaha iko karibu, watu wanageuka kutazama. Mimi nikapenda masafa marefu. Nikapenda risasi nzito, ile ndefu nyembamba ambayo upepo hauichezei ovyo na ambayo ikifika mbali bado ina nguvu zake. Na risasi nzito haitaki kusukumwa kwa pupa. Ukiipa baruti inayoungua haraka, nguvu yote inarundikana nyuma yake kabla haijaanza kwenda, na bunduki ndiyo inayoumia. Inataka baruti ya polepole, inayoisindikiza mtutu mzima, na inayojaza ganda hadi karibu na shingo ili isitikisike humo ndani. Nililiona hilo kwenye vitabu vya klabu, nikakuonyesha kopo lenye kifuniko chekundu. Ulicheka. "Ile ni baruti ya wazee, Mama Neema. Unataka kupiga shabaha ama unataka kupika maharage?"

Nilinunua hilo kopo. Nikaenda nalo taratibu, nikianza na kipimo cha chini kabisa, nikipanda kidogo kidogo, nikitazama fataki baada ya kila mlio kama inaonyesha dalili ya kubanwa na nguvu iliyozidi. Ulisema nachelewesha watu.

Sasa tufike pale unapopaogopa. Jumamosi ile ya mwezi wa tano ulipakia wewe kwanza, ukitumia baruti yako ya haraka. Nilipoingia ulikuwa umevaa koti tayari, unawahi zamu yako uwanjani. Ulikigeuza kipimio nusu nusu, ukakigonga mara moja, ukasema, "Iko vide." Nikakwambia, "Nimeona." Sikuona kitu, nilikuwa nakutazama wewe. Na hilo silihesabu kuwa kosa langu. Niliolewa na wewe, na mtu anayeolewa hutegemea kwamba mumewe akisema chombo ni kitupu basi ni kitupu.

Nikamimina baruti yangu ya polepole juu ya baruti yako iliyobaki chini. Chembe zote kijivu, zote vijiti vidogo, na zako zilikuwa chini zisikoonekana. Ganda la kwanza nililolijaza lilipata yako tupu, kwa kipimo changu, nyuma ya risasi nzito.

Nakumbuka mlio uliokuwa si wa kawaida, kisha moshi ukanirudia usoni. Komeo la bunduki liligoma kufunguka, fataki ilikuwa imetoboka, na shavu langu lilikuwa linavuja damu chini ya miwani. Bila ile miwani leo ningekuwa nakuandikia kwa jicho moja. Ulikuja mbio, ulinishika, ulilia. Machozi yale naamini yalikuwa ya kweli.

Kesho yake, nikiwa na bendeji, nilikwenda kuzifungua risasi zilizobaki kwenye lile benchi, ukiwa umesimama nyuma yangu. Ya kwanza ilimwaga chembe zako fupi. Iliyofuata ilikuwa mchanganyiko. Za mwisho zilikuwa zangu tupu. Nilikugeukia. Ukakaa chini. "Nilisahau, Mama Neema. Nilikuwa mbio. Lakini mi nikisema vile, wananinyima cheti ya klabu, na polisi wanachukua bunduki zote. Tuseme tu haijulikani. Nakuomba." Nikakubali iwe haijulikani. Nilikuhurumia, maana nilijua mchezo ule ndio uliokuwa ukikulaza usingizi.

Jioni, kabla ya kikao cha klabu, ulizimwaga zile baruti kwenye nyasi nyuma ya klabu, kama wazee wanavyofanya na baruti ya zamani, ati mbolea. Kisha tukaingia, mzee Lennart akauliza kilichotokea, na wewe bila hata kunitazama ukasema, "Hon blandade." Amechanganya. Sio "haijulikani". Amechanganya, yeye, mke wangu. Nilipofungua mdomo uliniwekea mkono begani, mkono uleule wa siku ya kwanza, ukawaambia wazee kwamba bado nina mshtuko.

Nilinyimwa chumba cha kupakia hadi mwaka uliofuata. Nilimfuata mzee Lennart peke yangu nikamweleza ukweli, akaniuliza kwa upole kama nina cha kumwonyesha. Cha kumwonyesha kilikuwa kwenye nyasi. Kiangazi kile nyasi za pale zilinawiri kuliko za kwingine kote, nami nilikuwa nazipita kila Jumamosi nikienda kupiga risasi za dukani kwa bunduki ya kuazima.

Hata hilo ningeweza kulimeza. Lakini ukaanza kulifanya kichekesho. Kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani kule Hässelby, nikiwa nimebeba sahani za sambusa, nilikusikia ukiwaambia wanaume wenzako, "Mama Neema aliweka baruti kama anaweka chumvi mu sombe." Kisamvu. Walicheka, na wake zao walinitazama shavu. Hapo ndipo nilipoacha kuwa mke wako. Talaka ya makaratasi ilikuja baadaye.

Nimekuchukia vizuri, Baba Neema, kwa utulivu. Nimekuchukia nikilala kwenye mkeka kwenye baridi ya Februari, vidole havisikii kitu, nikipima mwendo wa kila risasi, kisha nikarudi Julai juani na baruti ileile kuona kama itabadili tabia. Baruti yako ya haraka ilikuwa inaongeza mwendo siku za joto na kupunguza siku za baridi, na mbali huko risasi zinapanda na kushuka kwenye shabaha. Yangu ilibaki palepale, baridi na joto. Nilijaribu aina nyingine pia, sikutaka kuipenda kwa sababu tu wewe ulikuwa umeitukana. Moja ilikuwa ya polepole mno, haikutosha kwenye ganda. Nyingine iliacha masizi kwenye mtutu kama sufuria ya kuni. Nikairudia ileile. Mwaka jana wanaume uliokuwa ukiwachekesha walikuja klabuni, wakasimama nyuma ya darubini yangu wakihesabu matundu yangu kwenye shabaha. Mzee Lennart alinirudishia ufunguo wa chumba cha kupakia, akaniomba niwafundishe wageni.

Na sasa nasikia umeacha risasi nyepesi. Neema anasema umenunua nzito, ndefu, nyembamba, na umejiandikisha kwa mashindano ya masafa marefu ya vuli. Jina lako nimeliona, liko juu ya langu kwa alfabeti. Anasema pia risasi zako zinatawanyika na hujui kwa nini. Mimi najua kwa nini. Nililala vizuri sana usiku ule.

Ungekuwa ni wewe unaulizwa, ungenipa jina la baruti la uongo. Nililifikiria hilo, nisijifanye malaika. Nilimtazama Neema akisubiri jibu, nikajua kabisa baruti gani ingekuaibisha mbele ya watu wote bila kukuumiza. Lakini ushindi wa namna hiyo ungekupa cha kusingizia mpaka tuzeeke, na mimi sitaki ubaki na cha kusingizia hata kimoja.

Kwa hiyo jibu ni hili: ni ile ya kifuniko chekundu. Baruti ya wazee, ya kupikia maharage. Jibu ulikuwa nalo mkononi miaka yote hii. Kipimo sikupi, maana bunduki yako si yangu. Anza chini upande polepole, ucheleweshe watu kidogo.

Nimenunua makopo mawili ya toleo moja la kiwandani, yote yamefungwa. Moja ni langu. Lako liko kwa mzee Lennart, na hatalituma kwa mtu. Njoo ulichukue mwenyewe Jumamosi, watu wakiwa wamejaa, barua hii ikiwa ubaoni. Kama una la kusema juu ya shavu langu, utalisema hapo, kwa Kiswidi na kwa Kiswahili. Ukinyamaza, watakuwa wamesikia. Usipokuja kabisa, nitalifungua kopo lako mwenyewe nilitumie kukushinda.

Ukija, tutakaa kwenye lile benchi. Kipimio ni kilekile, sikuwaruhusu wakitupe. Utakigeuza juu chini, utakigonga, utasema maneno yako mbele ya wote. Na safari hii, Baba Neema, sitakutazama wewe. Nitachungulia ndani ya mrija.

Mama Neema