Ng'ombe wa Sita

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Igoma tunapumua. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila mdomo mzima.

Unauliza kwa nini ng'ombe wangu nimewagawa kwa watu watatu, wakati zizi moja lingekuwa nafuu. Baba yangu alifanya hivyo: ugonjwa ukiingia kwa rafiki mmoja, kwa wengine wanabaki.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwenyekiti aliamuru ng'ombe wote walale zizi moja. Wangu walikuwa sita, nimewanunua kwa pamba ya jembe langu. Nikaleta watano. Wa sita alikuwa kwa shemeji yangu Sengerema, ana mimba kubwa, safari asingeiweza.

Ng'ombe wa mwenyekiti alikuwa anakohoa, mbavu nje. Nikaomba atengwe.

"Wewe kijana una ubepari mpaka kwenye kikohozi," akanijibu. Watu wakacheka.

Mwaka uliofuata bwana mifugo alikuja kuwachoma sindano ya kupima kifua kikuu. Wangu watano wote walivimba shingo palipochomwa, ndiyo alama ya kuwa wanao, wakachinjwa. Sikupewa hata pole.

"Hasara ni yetu sote," akasema mwenyekiti, ambaye zizini alileta mmoja tu. Kisha akanigeukia. "Na yule wa Sengerema? Kijiji kinahitaji mbegu."

Nikamwambia amekufa.

Hao unaowahesabu ukija likizo, wote ni wajukuu wa yule marehemu. Maziwa yao uchemshe kama unavyofundishwa chuoni, lakini zizi moja usinitajie tena.

Ni mimi babu yako, mwenye ng'ombe wake.