Diski Niliyosema Umeiiba

Maguu, 14 Juni 2009

Mpwa wangu Nazari,

Huku kahawa imeiva na mapafu yangu yamechoka. Nakuandikia kwa hasira, na nyingi ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Unakumbuka kompyuta ya chama cha wakulima? Ulipoweka CD ya Windows XP, kioo kiliandika kwa Kiingereza kwamba hakuna diski, ile ya ndani ya kompyuta inayohifadhi kazi zote. Mimi, mwalimu mstaafu, nikawasomea wajumbe kwa sauti: "Hakuna diski! Nazari ameing'oa, ameiuza Mbinga!"

Ulisema mara moja tu: "Mjomba, diski ipo. CD hii ni ya zamani, haina draiva, yaani programu ndogo za kuitambua. Nitaziongeza."

"Kwa hiyo kioo kinadanganya?" nikakufokea. Ukainamisha kichwa, ukahamia Mbamba Bay, kule ziwani, na jina la mwizi.

Wiki iliyofuata nilikuta kwenye meza uliyoiacha ofisini CD yenye mwandiko wako: "XP pamoja na draiva." Nikaijaribu. Diski ikaonekana. Nimenyamaza miaka mitatu.

Hata heshima yako inaniudhi! Kwa nini hukubishana nami? Jumapili nitabebwa hadi mbele ya wajumbe walewale, niseme ukweli. Njoo unikatize, unifokee. Shikamoo yako iache ziwani.

Mjomba wako,
Mansuetus