Mwisho wa Treni ya Jumanne

Mtaa wa Elm, nyumba ya nyuma
Jumapili jioni, Mei 1983

Mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu kwa kuwa baridi imekwisha huko. Vipi shangazi Opal, bado anagombana na jirani kwa sababu ya kuku? Sisi huku tu wazima. Junie ameota jino la nne na anang'ata kila kitu, hata kona ya Biblia. Miti ya maua ya zambarau imechanua njia nzima mpaka kanisani, na nikipita chini yake najihisi kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mama, nina habari ndefu, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Unakumbuka nilikuambia maktaba yetu inatafuta filamu kumi na tano za Kimarekani za kuwekwa daima, ili kila mtoto wa wilaya hii azione kabla hajawa mtu mzima. Wameunda kamati ya watu wanne, tunakutana Jumapili baada ya ibada katika jumba la sinema la Lirika, lile lile ulimokuwa ukiuza bisi. Mwenyekiti ni Mwalimu Haas, aliyenifundisha darasa la sita. Yupo Virgil Stroud kinyozi, na mzee Tollefson anayeendesha mashine ya kuonyeshea filamu. Mimi nilitiwa kwa sababu walitaka mama mwenye mtoto mdogo, na nadhani pia kwa sababu mimi hufagia pale.

Mwalimu alituwekea sharti. Hutetei filamu uliyoiona kwenye televisheni ukiwa umejilaza. Lazima uwe umeiona gizani, pamoja na watu. Halafu usimame mbele ya viti uusimulie mwisho wake kwa mdomo, ndipo filamu iagizwe na itazamwe na wote.

Laiti ungewasikia wakibishana. Virgil anashikilia filamu moja ya wachunga ng'ombe, anasema filamu ya Kimarekani ni ile inayomfanya mwanamume atoke mlangoni akitembea tofauti na alivyoingia. Mwalimu akamwambia, "Virgil, kwenye filamu yako hiyo anayejua kuigiza ni farasi peke yake." Virgil naye akasema ile ya Mwalimu, ya zamani isiyo na sauti, imempa usingizi mtamu kuliko kitanda alichonunua mkewe. Mwalimu hakukasirika. Alisema filamu kubwa ni ile unayoirudia ukiwa na miaka sitini ukaikuta imekua, kama mtoto uliyemwacha mdogo. Mzee Tollefson yeye alisema ametazama mgongo wa watazamaji miaka arobaini, na kubwa ni ile ambayo migongo inatulia. Mimi nilikaa nimempakata Junie, mwanga wa mchana ukipenya kwenye pazia, nikawaza kwamba watu wazima wanapigania ndoto kama watu wanaopigania mipaka ya shamba.

Ilipobaki nafasi moja, nikasimama. Nikaitaja Treni ya Jumanne.

Nikaisimulia kama ulivyokuwa ukinisimulia mimi ulipokuwa ukipiga pasi nguo za watu, mvuke ukipanda mpaka uso wako usionekane vizuri. Miaka ya ukame, mume ameenda kutafuta kazi magharibi, mke anakwenda stesheni kila Jumanne. Nikafika mwisho: treni inasimama, mume anashuka ameshika kofia kwa mikono miwili, hana neno, na mke anampokea begi tu. Mama, Mwalimu alivua miwani akaifuta. Virgil akasema aliiona akiwa kijana, anaikumbuka hata rangi ya kofia, kahawia.

Leo filamu imefika, tumeitazama. Treni haikusimama.

Ilipita, Mama. Upepo wake ukampeperusha yule mwanamke nywele, akasimama mpaka reli zikanyamaza. Kisha akakunja shali yake, akarudi nyumbani, akaanza kupanda viazi. Basi, imekwisha. Taa zilipowaka Virgil alikuwa akitazama viatu vyake. Mzee Tollefson akamuuliza kwa upole ile kofia ya kahawia ilishuka na treni gani.

Mwalimu akaniuliza kama niliwahi kuiona. Nikasema ukweli, sijawahi, nilisimuliwa na mama. Nilijua atanitoa kwenye kamati, na masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Akasema, "Nadine, umevunja sharti. Lakini sasa umeiona gizani, na watu. Itetee kwa mwisho wake huu, la sivyo tunampa Virgil farasi wake."

Mama, nilitaka kuketi. Nilikuwa nimeupenda mwisho wako tangu nina miaka sita, tangu Baba alipoondoka. Sasa ndipo nilipoelewa kwa nini uliisimamisha ile treni. Hukunidanganya. Ulikuwa na mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani, ukampa kitu cha kulalia.

Lakini mimi si mtoto tena, na hapa ndipo penye habari yenyewe.

Nilisimama nikawaambia kwamba filamu hii inastahili kwa sababu naijua stesheni ile. Nikasema mume wangu Delmar aliondoka Februari kwenda kwenye visima vya mafuta kule Texas, akapiga simu mara mbili, na tangu Machi sijui hata analala mji gani. Barua zote nilizokuandikia kwamba Delmar anakusalimu, salamu hizo nilizitunga mimi. Hajakusalimu, Mama. Nilimwekea sahani mezani kila Jumapili nikingoja aje na kofia mkononi, wala sikumwambia mtu, kwa kuwa katika hadithi niliyoijua, anayengoja vizuri hurudishiwa. Nikawaambia mtoto wangu akikua nataka amwone mwanamke yule akipanda viazi. Namna alivyoshika jembe, kana kwamba siku ndiyo kwanza imeanza.

Sikulia. Junie ndiye aliyelia, ana njaa. Virgil akawa wa kwanza kuinua mkono, akasema farasi ataweza kungoja, ana miguu minne. Wote wakainua. Walipokuwa wakikunja viti Mwalimu akaniambia maktaba itahitaji mtu wa kutunza filamu hizo na kuwaonyesha watoto, kwa mshahara, akaniuliza kama naweza kuja Jumatatu. Nikasema naweza.

Usinione nimevunjika. Leo nimekula chakula changu chote. Usimlaani Delmar pia, huenda naye amesimama mahali hajui la kusema. Akiandika nitakuambia. Asipoandika nitakuambia vilevile. Sitakutungia tena salamu za mtu.

Mfikishie shangazi Opal upendo wangu, na majirani wote wanaoniuliza. Junie amekubusu kwenye karatasi, ndiyo maana hapa wino umetawanyika.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nadine