Bomba la Hewa Baridi

Matongo, Tarime
Aprili 1956

Kaka Waitara,

Shikamoo. Sisi tupo. Mvua imeshika, ulezi umeota vizuri, na yule ng'ombe mwekundu wa mama amezaa ndama jike.

Gari ulilomtengenezea baba ulipokuja Desemba lilisifiwa na kijiji kizima. Lile bomba la hewa ulilolishusha hadi chini ya bampa, ili injini ivute hewa baridi kama magari ya mashindano ya huko Nairobi, liliongeza nguvu kweli. Baba alikuwa akisikia muungurumo wake, anacheka peke yake.

Juma lililopita kifua kilimbana baba. Mdogo wako Heche akampakia kumpeleka hospitali, nami nikakaa nyuma nimemshika. Mto Tigite ulikuwa umejaa, lakini lori lilivuka mbele yetu. Sisi tulipofika katikati, bomba likavuta maji badala ya hewa. Injini ikazima, haikuwaka tena. Kaka, huko mnakotengenezea magari hakuna mito? Tulimbeba baba mabegani hadi ng'ambo. Hakufika hospitali.

Tumemzika kando ya zizi. Hatukuweza kukungoja. Gari bado liko mtoni, mama hataki livutwe.

Pale ukingoni baba alinishika mkono akasema, "Ghati, mwandikie Waitara kwamba gari lake lilikwenda vizuri."

Basi nimekuandikia. Lilikwenda vizuri, kaka.

Mdogo wako,
Ghati